Sura ya Sita: Kalongolongo Kwenye Kapeti

Mtoto wa miaka minne anapocheza peke yake huwa hanyamazi. Analiamuru gari lake, analigombeza, analijibia, kisha anatangaza kila kitu ambacho mkono wake unafanya. Mzazi aliyechoka husema, "Huyu naye anaongea na nani?" Swali hilo lilimshughulisha sana Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu. Katika kitabu chake kuhusu fikra na lugha, kilichotoka mwaka huohuo, anaeleza majaribio aliyofanya na wenzake. Watoto walipewa kazi ya kuchora, halafu wakawekewa kikwazo kwa makusudi: karatasi haitoshi, au penseli ya rangi wanayoihitaji haipo. Kila kikwazo kilipotokea, kujisemea kwao kuliongezeka karibu maradufu. Mtoto mmoja aliyekosa penseli ya bluu alijiambia kwamba si kitu, atachora kwa nyekundu kisha ailoweshe maji, itakolea ifanane na bluu.

Sikiliza vizuri alichofanya mtoto huyo. Alitambua tatizo, akakubali hasara, akabuni njia mbadala na kukisia matokeo yake. Hayo yote aliyafanya kwa sauti, kwa sababu bado hakuwa na mahali pengine pa kuyafanyia. Jean Piaget, miaka michache kabla, alikuwa amesema kwamba maneno ya namna hiyo ni dalili ya utoto tu na hufifia mtoto akikua. Vygotsky akakataa. Alisema hayafifii, bali yanaingia ndani, na yakishaingia ndiyo tunayoyaita kuwaza. Kabla ya kuwa maneno ya mtoto na nafsi yake, yalikuwa maneno ya mtoto na mtu mwingine: aliulizwa akajibu, aliuliza akajibiwa, mpaka akaweza kucheza pande zote mbili za mazungumzo bila msaada.

Ikiwa Vygotsky alikuwa sahihi, na ushahidi mwingi wa baadaye umemwunga mkono katika hili, basi swali la mzazi lafaa ligeuzwe. Badala ya kuuliza mtoto anaongea na nani sasa, aulize: ameongea na nani mpaka hapa? Sura hii inalichukua swali hilo na kulipeleka Lewisville, Texas.

Lewisville ni mji wa watu zaidi ya 110,000 kwa sensa ya mwaka 2020, katika kaunti ya Denton, kaskazini mwa uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth (DFW). Barabara ya I-35E inaupasua katikati, na upande mmoja kuna ziwa kubwa lenye jina la mji. Watu wa Afrika Mashariki hawana mtaa wao hapa. Wametapakaa: Wakenya na Watanzania Lewisville, Carrollton, Irving na Arlington, Wakongo wengi Fort Worth. Kazi zao ni za shifti, katika hospitali, nyumba za wazee, maghala na uwanja wa ndege. Baba akitoka, mama anaingia. Wanaishi kwenye majengo ya ghorofa mbili tatu yenye maegesho ya magari kila upande, na mtoto hawezi kuteremka huko peke yake kama angeteremka uani kwa bibi yake. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 38, kwa hiyo hata kiwanja cha michezo kilichopo hakikaliki mchana. Mtoto anabaki ndani, kwenye kapeti, na kiyoyozi.

Nataka msomaji aishike picha hiyo ya kapeti, kwa sababu bila hiyo hatutaelewa kwa nini ushauri wa kuzungumza na mtoto anapocheza, ambao haukuhitajika sana kijijini, unahitajika hapa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wawili wa Kimarekani, Sara Harkness na mumewe Charles Super, walikwenda kuishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya. Walitaka kujua watoto wa huko wanajifunzaje kuongea na kufikiri. Waligundua kwamba mama wa Kokwet hakumwongelesha mtoto wake mdogo kama mama wa Boston. Maneno mengi aliyomwambia yalikuwa ni ya kutuma na kukataza: lete, shika, mwangalie ng'ombe, acha. Mtoto mwema alikuwa yule anayeelewa haraka na kutenda, wala si yule anayejibu sana. Watafiti hao walipowaomba watoto wasikilize hadithi fupi kisha waisimulie kwa mtu mzima, mwanamke wa hapohapo wanayemfahamu, wengi walinyamaza kabisa. Ungedhani hawana akili wala maneno. Lakini watoto haohao walichunga mifugo, walilea wadogo zao, walitumwa mbali wakarudi na kitu sahihi. Hadithi walikuwa nayo. Kilichowakalia vibaya kilikuwa kumsimulia mtu mzima, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwataka walifanye.

Si mbali na hapo, Robert LeVine na wenzake waliwachunguza akina mama wa Kisii na watoto wao wachanga katika miaka hiyohiyo ya 1970, kazi iliyokuja kuchapishwa kama kitabu mwaka 1994. Mama wa Kisii alimbeba mtoto zaidi, alimtuliza haraka zaidi alipolia, ila hakumwongelesha sana. Aliyemwongelesha mtoto ni dada yake wa miaka saba au minane, aliyekabidhiwa kumbeba mgongoni, na kundi zima la watoto wa boma lililomzunguka dada huyo.

Hapo ndipo penye siri. Sisi tuliolelewa kwa lete-na-acha tulikuwa na shule nyingine nyuma ya nyumba. Kalongolongo, au kujipikilisha kama wanavyosema wengine, ilikuwa na mama, baba, mgeni, mtoto mgonjwa na daktari. Lazima mkubaliane nani ni nani. Lazima umshawishi mwenzako kwamba tope hili ni ugali na majani yale ni mboga, na akikataa umpe sababu. Kulikuwa na mkubwa wa miaka tisa aliyerekebisha sentensi za mdogo wa miaka mitatu bila huruma hata kidogo. Kombolela, mchezo wa kujificha na kutafutana, ilikuwa na sheria, na sheria zilikuwa na mabishano, na mabishano ndiyo yaliyochukua muda mwingi kuliko mchezo wenyewe. Mzazi alikuwa jikoni au shambani, na kunyamaza kwake hakukutugharimu kitu kwa sababu uani hapakunyamaza.

Mzazi yuleyule akihamia Lewisville huja na sehemu yake ya malezi, yaani amri. Ile sehemu ya pili, ua wenye watoto kumi wa rika mchanganyiko, haipandi ndege. Mtoto anabaki na amri tupu, na kati ya amri moja na nyingine anapewa tableti. Sisemi haya kuwalaumu wazazi wanaolala saa nne kwa siku. Nasema pengo lipo, na lazima mtu aliingie.

Tuna bahati kwamba moja ya kazi nzuri zaidi kuhusu pengo hilo imefanyika Texas hukuhuku. Susan Landry na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Houston, waliwafuatilia akina mama na watoto kwa miaka mingi, wengi wao wakiwa wa kipato cha chini na baadhi ya watoto wakiwa njiti. Walichotazama ni namna mama anavyoongea wakati mtoto ameshikilia kitu fulani na kukichezea. Je, anaongea juu ya kile alichoshika mtoto, au anamvuta aangalie kingine? Je, anaeleza kwa nini, kinaendaje, kinafanana na nini, au anaelekeza tu? Walikuta kwamba watoto ambao mama zao waliunganisha vitu na maneno namna hiyo walipokuwa na miaka mitatu, walikuwa mbele kwa lugha walipofika minne, na hata kwa kutatua mambo yasiyohitaji maneno.

Kuna tokeo lao moja ambalo kila mzazi wa kwetu angepaswa kulisikia. Maelekezo ya moja kwa moja, yale ya fanya hivi, weka pale, hayakuwa mabaya nyakati zote. Mtoto wa miaka miwili yalimsaidia, kwa kuwa bado hajui mchezo uendeje. Lakini mama aliyeendelea na maelekezo yaleyale mpaka mtoto akakaribia miaka minne alimrudisha nyuma, hasa katika kuanzisha jambo mwenyewe. Kwa maneno mengine, amri ina umri wake. Mababu zetu walilijua hili kwa upande wa kazi, maana hakuna aliyemwonyesha mtoto wa miaka sita namna ya kushika jembe kila asubuhi. Kwenye mchezo tumesahau.

Mwaka 2006 kundi hilo la Landry lilichapisha jaribio la akina mama 264. Nusu walitembelewa nyumbani na mwelekezi, wakarekodiwa kwa video wakicheza na watoto wao wachanga, kisha wakajitazama na kujadili walichofanya. Wengine nao walitembelewa, ila wakapewa taarifa za ukuaji wa mtoto tu. Wale wa kwanza walibadilika, na watoto wao wakabadilika pia: maneno zaidi, ushirikiano zaidi, na kujaribu kutatua mambo wenyewe. Hawakupewa vinyago vya bei. Walifundishwa kutazama mtoto anatazama nini, wakaanzia hapo.

Tulete jambo hili karibu. Chukua jioni moja ya kawaida. Mama ametoka kazini, anakatakata sukuma wiki. Mtoto wa miaka minne ameteremsha sufuria mbili, kifuniko na mwiko, na ndani ya sufuria amemwaga vipande vya Lego.

"Mama, huu ni ugali."

Majibu ya kwanza yanayokuja mdomoni ni mawili. Moja ni "Rudisha sufuria zangu." La pili ni "Ehe, mzuri," bila kugeuka. Yote mawili yanafunga mlango, la pili kwa adabu zaidi. Mama huyu anajibu:

"Wa nani huo?"

"Wa shosho. Anakuja na ndege."

"Anakuja peke yake?"

"Na guka."

"Sasa huo utawatosha?"

Mtoto anachungulia sufuriani. Anaongeza vipande mpaka vinajaa pomoni, anaweka kifuniko, kifuniko kinayumba. Anakibonyeza. Mama anaendelea na sukuma wiki, hasemi kitu.

"Hakifungi. Nitapika mara mbili. Kwanza wa guka, kwa sababu guka ako na njaa sana."

"Na shosho akingoja atafanya nini?"

"Atakunywa chai."

Mazungumzo haya hayafiki dakika mbili na hayakumzuia mama kupika. Angalia yaliyomo. Plastiki imekuwa chakula, na akili inayoweza kukubali kwamba kitu kimoja kisimame badala ya kingine ndiyo itakayokubali baadaye kwamba alama ya 5 isimame badala ya vidole vitano. Watu wawili walio Kenya, bibi (shosho) na babu (guka), wameingia chumbani Texas. Kiasi kimepimwa dhidi ya mahitaji, na hiyo ni hesabu ingawa hakuna namba iliyotajwa. Kikwazo kimejitokeza, ufumbuzi ukapatikana kwa kugawa kazi mara mbili, ukapangwa kwa zamu na kutolewa sababu. Mwisho mtoto amelazimika kukaa mahali pa shosho na kuwaza mtu anayengoja hujisikiaje.

Mama naye ameuliza maswali manne, na hakuna hata moja alilokuwa na jibu lake. Hii ndiyo tofauti kati ya kuzungumza na kuhoji. Wengi wetu tukiambiwa tuongee na watoto wakicheza, tunageuka walimu wa mtihani: hii rangi gani, hizi ngapi, huyu ng'ombe analiaje? Mtoto anajua kwamba unajua. Anajibu mara mbili, ya tatu anahamisha mchezo wake chumbani. Maswali ya namna hiyo si dhambi, ila hayamfikishi mbali, kwa sababu yana jibu moja na jibu hilo liko kwako.

Tazama pia pale mama aliponyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu nchini Marekani, aliwapima walimu katika miaka ya 1960 na 1970 akakuta kwamba baada ya kuuliza swali walingoja kiasi cha sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwanafunzi mwingine au kujibu wenyewe. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu, majibu yalirefuka, yakawa na sababu ndani yake, na hata wanafunzi waliokuwa wakimya wakaanza kuongea. Sekunde tatu ni ndefu kuliko unavyofikiri. Jaribu kuzihesabu huku mtoto anapambana na kifuniko unachojua wazi kwamba hakiwezi kufunga.

Denton, makao makuu ya kaunti na mwendo mfupi wa gari kutoka Lewisville, kuna Chuo Kikuu cha North Texas, na ndani yake kituo cha tiba kwa njia ya mchezo kilichoanzishwa na Garry Landreth mwaka 1988. Wanaofunzwa hapo hushughulika na watoto wenye majeraha ya moyo, na sina nia ya kumgeuza mzazi tabibu. Lakini wana desturi moja ambayo naiona inafaa sebuleni. Mtaalamu husema kwa sauti kile mtoto anachofanya, kwa maneno machache: umekiweka juu kabisa, sasa unakisukuma. Na hakitaji kitu jina kabla mtoto mwenyewe hajakitaja. Kipande cha mbao kinaweza kuwa simu, mamba au mchungaji wa kanisa. Ukikimbilia kukiita gari umemnyang'anya mwenye mchezo uamuzi wake. Kwa mzazi ambaye maswali yanamwishia, au ambaye mtoto wake hapendi kuulizwaulizwa, kusimulia tu kunatosha kuanza. Ukisimulia, tumia maneno ya mahali na ukubwa, kama juu, chini, katikati, pembeni, ndefu zaidi. Watafiti wa Chicago waliowafuatilia watoto majumbani walikuta kwamba wale waliosikia maneno hayo kwa wingi waliyatumia kwa wingi, na baadaye walifanya vizuri zaidi katika kazi za kupanga maumbo akilini.

Kuhusu vinyago, nitakuwa mfupi. Vile vinavyoimba, kuwaka taa na kutamka alfabeti ukivibonyeza vinauzwa kama walimu wadogo. Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona alizipa familia 26 zenye watoto wa miezi 10 hadi 16 aina tatu za vitu: vinyago vya betri, vinyago vya kawaida kama vitofali vya mbao, na vitabu. Matokeo yake ya mwaka 2016 yalikuwa wazi kwamba kinyago kilipoongea, mzazi alinyamaza, na mtoto naye alitoa sauti chache kuliko alipokuwa na kitabu. Sufuria na mwiko havisemi kitu, na hiyo ndiyo sifa yao.

Skrini nayo ina kesi yake. Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa, wakawachezesha na kuwasomea kwa Kichina cha Mandarin katika vipindi 12. Watoto hao wakaweza kutofautisha sauti za Mandarin ambazo wenzao hawakuweza kuzitofautisha. Kundi jingine likaoneshwa watu walewale, maneno yaleyale, kwenye video. Halikupata kitu. Matokeo hayo ni ya mwaka 2003, na mzazi anayeweka katuni za Kiswahili ili mtoto "asisahau lugha" anapaswa kuyajua. Katuni haina ubaya kama mtu amekaa kando akiuliza kwa nini sungura amekimbia. Katuni pekee haimjibu mtoto.

Utasikia pia habari za maneno milioni 30. Zilitoka katika kitabu cha mwaka 1995 cha Betty Hart na Todd Risley, waliorekodi familia 42 za Kansas na kukadiria kwamba mtoto wa familia maskini anafika miaka minne akiwa amesikia maneno milioni 30 pungufu ya mtoto wa wataalamu. Takwimu hiyo imewatia wazazi wengi hofu, na imebishaniwa vikali tangu hapo. Douglas Sperry na wenzake waliirudia kazi hiyo katika jamii nyingine, wakahesabu na maneno ya kaka, dada na shangazi waliokuwapo, na hawakuona pengo la namna hiyo. Mimi sioni sababu ya mzazi kuhesabu maneno. Rachel Romeo na wenzake wa Boston waliwavisha watoto 36 wa miaka minne hadi sita vinasa sauti nyumbani, kisha wakawapiga picha za ubongo wakisikiliza hadithi. Katika ripoti yao ya 2018, kilichoendana na ubongo uliochangamka zaidi katika eneo la lugha ni idadi ya zamu, yaani mara ngapi mtoto alisema akajibiwa, au aliambiwa naye akajibu. Ilikuwa hivyo bila kujali kipato wala elimu ya wazazi. Redio inayowaka kutwa ina maneno mengi na haina zamu hata moja.

Sasa lugha. Wazazi wetu wengi Texas huzungumza na watoto kwa Kiingereza, wakihofia kwamba Kiswahili kitawachelewesha shuleni. Msikilize mzazi huyo kwa makini. Kiingereza chake cha nyumbani mara nyingi ni Kiingereza cha amri: kaa, acha, maliza chakula, vaa viatu, twende. Hana Kiingereza cha utani, cha kumwigiza fisi, cha kumkejeli shosho aliyefika na begi kubwa kuliko yeye. Lugha hiyo anayo kwa Kiswahili, au kwa Kikuyu, Kiluo, Kichaga au Kibembe. Akiiacha, anajinyima sehemu yote ya mazungumzo ambayo sura hii inaihusu, na kubaki na ile sehemu ya amri, yenye umri wake. Mtoto wa lugha mbili huenda akawa na maneno machache katika kila lugha ukiipima peke yake. Ukizijumlisha hapungukiwi. Kuwaza kwa mpangilio, kutoa sababu na kujiweka mahali pa mwingine ni mambo anayoingia nayo darasani kwa lugha yoyote, na Kiingereza atakipata huko kwa wingi kuliko anavyokihitaji.

Sheria ya Texas yenyewe haimwadhibu. Mtoto aliyetimiza miaka minne kufikia tarehe 1 Septemba na ambaye hajui kuongea na kuelewa Kiingereza ana haki ya darasa la awali la bure katika shule ya umma inayolitoa, na tangu sheria ya mwaka 2019 darasa hilo ni la siku nzima. Kuna wazazi wanaoandika kwenye fomu ya lugha ya nyumbani kwamba wanaongea Kiingereza tu, wakidhani wanamlinda mtoto. Familia ambayo ingestahili kwa sababu ya lugha hujifungia mlango kwa kalamu yake yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ya kukaa chini na kucheza na mtoto ni ya kizungu. Waangalie Mombasa. Mwaka 1986, wazazi wa Kiislamu wa pwani walipotaka watoto wao waingie shule za msingi wakiwa tayari bila kuiacha dini yao, mwalimu Bi Swafiya Said alianzisha kwa msaada wa Aga Khan Foundation shule za awali za madrasa. Zilienea Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Msingi wake ulichukuliwa katika mpango wa HighScope wa Michigan, ukavishwa nguo za pwani: vifuu vya nazi, makuti, chupa tupu, kona ya nyumbani yenye kanga na mbuzi ya kukunia nazi, na mazungumzo kwa Kiswahili. Mtoto husema kwanza anataka kucheza nini, akacheza, kisha akasimulia alichofanya. Peter Mwaura na wenzake walipowalinganisha watoto wa shule hizo na wengine, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2008, wa madrasa walikuwa wameongeza uwezo wa kufikiri zaidi ya wale wa shule nyingine za awali. Ule utaratibu wa kusema, kutenda na kusimulia hauhitaji shule. Mzazi anayeondoka kwa shifti ya usiku anaweza kumuuliza mtoto, "Leo utajenga nini?" na asubuhi akauliza, "Ehe, lile daraja lilisimama?"

Lakini mzazi mmoja hawezi kuwa ua mzima, na hapa nina ombi kwa jamii yetu ya Dallas na Houston. Tunakutana sana: harusi, matanga, michango, ibada, nyama choma kando ya ziwa la Lewisville. Katika mikutano hiyo watoto hupewa simu ili wakubwa waongee. Zikusanyeni simu hizo kwenye kikapu. Wapeni watoto maboksi, vitambaa na sufuria kuukuu, msiwagawe kwa umri, na mumweke karibu yao mzee mmoja mwenye Kiswahili kizuri na subira, asiyehitaji kuwafundisha chochote. Wakianza kubishana nani awe mama na nani awe mgonjwa, msiwaamulie haraka.